Famwea imejiapdeti, laptopu ya Windows na Ubuntu imegoma kuwaka: kisa kizima, na kwa nini usikimbilie kufomati

Hiki kisa nakiandika chote kwa sababu naona watu wanapoteza mafaili yao kwa tatizo ambalo linatengenezeka kabisa, na mara nyingi aliyepoteza aliambiwa na mtu anayemwamini kwamba "hapo dawa ni kufomati tu". Inaniuma sana hii kitu. Famwea, yaani ile programu ya msingi inayoiwasha laptopu kabla ya Windows au Ubuntu, inakaa kwenye chipu ya madabodi, haikai pamoja na picha zako wala kazi zako, kwa hiyo ikiapdetiwa alafu laptopu ikagoma, jambo la kwanza la kuweka kichwani ni kwamba mafaili yako karibu hakika yapo palepale yalipokuwa jana. Kilichobadilika ni setingi, na setingi zinarudishwa.

Mwenye laptopu ni dada mmoja ninayefanya naye kazi. Mashine ni ya Intel ya vile vizazi vya kabla ya cha 11 (nataja kizazi kwa sababu kina maana kwenye hiki kisa), diski ni moja tu ya NVMe (aina ya SSD), Windows 11 inakaa humo na Ubuntu iliwekwa pembeni yake na mtu mwingine zamani kidogo. Kila siku akiwasha anaona menyu ya GRUB (programu inayokuchagulisha mfumo wa kuwasha), anachagua Ubuntu anafanya kazi, Windows anaingia mara chache kwa programu mojamoja. Siku hiyo aliingia Windows, ikamwambia kuna apdeti, akakubali, ndani ya hizo apdeti kukawa na famwea ya mtengenezaji wa laptopu. Skrini ikawa nyeusi na mstari unaojaa taratibu, ikajizima ikajiwasha, mstari ukajaa tena, na baada ya hapo ile menyu ya GRUB hakuiona tena. Ikapita moja kwa moja Windows, ikazungusha vile viduara, alafu skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ikarudia hivohivo, mwisho ikaandika inaandaa marekebisho yenyewe na ikaishia kwenye ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa BitLocker (ule usimbaji wa diski wa Windows), wakati yeye hajawahi hata kujua kwamba ana BitLocker.

Kabla hajanitafuta alishapita kwa watu wengine. Mmoja akamchomekea flashi ya Ubuntu, akafungua programu ya kuinstoo, haikuona diski yoyote, akahitimisha diski imekufa. Mwingine akamwambia aingie kwenye ule ukurasa wa marekebisho achague kurudisha Windows upya na kufuta kila kitu. Bahati nzuri hapo akasita. Akanipigia akaniambia, "kaka, naambiwa diski imekufa, na mwingine anasema nifute, nifanye lipi?" Nikamwambia dada usifanye lolote, izime ulete.

Sasa tuanze na hili la diski kufa, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Ile skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE inatoka wapi? Inachorwa na keneli ya Windows (kiini cha mfumo), na keneli ya Windows inakaa kwenye diski. Ule ukurasa wa marekebisho nao unakaa kwenye partisheni yake ndogo kwenye diski hiyohiyo. Diski iliyokufa haikuletei vitu hivyo. Kwa hiyo famwea inaiona diski vizuri tu, inasoma, inapakia Windows kwenye memori, na tatizo linakuja pale keneli inapochukua usukani na kuanza kutumia driva zake yenyewe kuitafuta diski, inaikosa. Alafu Ubuntu ya kwenye flashi nayo ukiangalia inafanya kosa lilelile, inawaka vizuri kutoka kwenye flashi lakini diski ya ndani haioni. Mifumo miwili isiyojuana inashindwa sehemu moja. Ukiona hivo acha kushuku mifumo, shuku njia ya kuifikia diski, yaani namna famwea inavyoionyesha hiyo diski kwa mifumo.

Nikawasha kwa flashi ileile ya Ubuntu, nikachagua kujaribu bila kuinstoo, nikafungua teminali na kuandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Kweli, ilionekana flashi peke yake na vile vi-loop vya Ubuntu, hakuna nvme0n1, ambalo ndo jina Linux inaloipa diski ya NVMe. Nikaandika

sudo dmesg | grep -i ahci

na jibu lote lilikuwa hapo, mistari miwili ambayo keneli ya Linux inaandika waziwazi: "Found 1 remapped NVMe devices" na chini yake "Switch your BIOS from RAID to AHCI mode to use them". Yaani keneli inakwambia kuna diski moja ya NVMe imefichwa nyuma ya kidhibiti cha Intel kilichowekwa modi ya RAID, rudisha AHCI ndo nitaiona (RAID na AHCI ni namna mbili za kidhibiti kuionyesha diski kwa mifumo). Aliyesema diski imekufa angeandika huo mstari mmoja angepata jibu hapohapo.

Kwa nini iko hivi. Laptopu nyingi za vizazi hivyo zinatoka kiwandani kidhibiti cha diski kikiwa modi ya RAID, ile ya Intel RST, hata kama ndani kuna diski moja tu. Windows inakuja na driva yake kwa hiyo haina shida, Linux kwenye modi hiyo haiioni NVMe. Ndo maana anayeinstoo Ubuntu kwenye mashine kama hizi analazimika kwanza abadilishe iwe AHCI, na yule aliyemwekea huyu dada alifanya hivyo, ila hakumwambia wala hakuandika popote. Windows nayo ikishakaa kwenye AHCI inazoea huko, inaacha kupakia driva ya RAID mapema wakati wa kuwaka. Sasa famwea mpya ilivyoingia ikarudisha setingi za kiwandani, modi ikarudi RAID, Windows inaamka na driva ya AHCI inatafuta diski haipo pale ilipozoea, ikalia. Sio kila apdeti ya famwea inafuta setingi, nyingi zinaziacha, lakini zipo zinazofuta na mwenye mashine hapewi onyo.

Hapo mkono ulishawasha kwenda BIOS (kurasa za setingi za famwea) nibadilishe, lakini kuna kitu lazima kitangulie na hiki naomba msome polepole. Ufunguo wa BitLocker upatikane KWANZA, kabla hujagusa setingi yoyote. Laptopu nyingi za Windows 11 zinasimba diski zenyewe pale unapoingia na akaunti ya Microsoft, hakuna anayekuuliza kwa sauti, ndo maana watu wanasema sina BitLocker huku wanayo. Siri ya kufungulia inatunzwa kwenye chipu ya TPM na chipu inaitoa tu kama hali ya kuwaka ni ileile iliyozoeleka. Kwa kawaida kinachoangaliwa zaidi ni hali ya Secure Boot, ule ulinzi unaoruhusu kuwaka programu zilizosainiwa tu. Sasa ukiwa ndani ya BIOS, setingi ya modi ya diski, setingi ya Secure Boot na ya kufuta TPM ziko karibukaribu, mtu anabahatisha huku na kule, anazima Secure Boot kwa sababu amesikia inasumbua Linux, anafuta TPM kwa sababu kuna mahali imeandikwa, na hapo anakuwa amejifungia mwenyewe nje. Ukiwa na ufunguo unaandika unaingia. Ukiwa huna na TPM imeshafutwa, hakuna fundi duniani wa kukurudishia yale mafaili ya Windows, hata awe nani, na atakayekwambia anaweza anakula hela yako.

Kwa hiyo tulichukua simu yake, akaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft, sehemu ya vifaa kuna ukurasa wa funguo za kurejesha. Ufunguo una tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Akaunti yake ilikuwa na zaidi ya mmoja kwa sababu ya laptopu ya zamani, na hapo kuna kitu kidogo ambacho watu hawakijui: ule ukurasa wa bluu unaodai ufunguo unaonyesha pia namba ya utambulisho ya ufunguo, unalinganisha herufi za mwanzo na zilizoko kwenye simu, zikifanana ndo huo. Tukauandika kwenye karatasi tukausoma kwa sauti kuhakiki. Kama laptopu ni ya ofisi au chuo ufunguo unaweza kuwa kwenye akaunti ya huko, waulize wanaosimamia mashine.

Baada ya hapo ndo nikaingia BIOS. Kabla ya kubadilisha nikapiga picha kila ukurasa kwa simu, hata zile ambazo sikuwa na mpango nazo. Sehemu ya diski, kweli, RAID. Secure Boot ilikuwa imewashwa kama zamani, nikaiacha. TPM nikaiacha. Orodha ya kuwaka ilikuwa na Windows Boot Manager peke yake, ubuntu haipo, nikaiweka akilini. Nikabadilisha kitu kimoja tu, RAID kwenda AHCI, famwea ikatoa onyo kwamba mfumo unaweza usiwake. Hilo onyo ni la kweli na msilidharau, kwa sababu kwenye laptopu ambayo Windows yake siku zote iliishi kwenye RAID, ukibadilisha hivihivi unatengeneza tatizo hilihili tulilokuwa tunalitibu. Hapa nilibadilisha kwa sababu nilikuwa na ushahidi: Ubuntu iliwahi kuishi kwenye hii diski ikifanya kazi kila siku, na Ubuntu isingeweza kuishi humo kwenye RAID. Kama laptopu yako haina historia hiyo usiige.

Nikasevu, ikawaka, Windows ikaja mpaka kwenye pasiwedi. Haikudai ufunguo hata, maana Secure Boot haikuguswa na ule ukurasa wa mwanzo uliodai ufunguo ulikuwa ni wa mazingira ya marekebisho yakitaka kuingia kwenye partisheni ya Windows kuitengeneza. Dada akaingia akafungua mafaili yake yote yapo. Alikaa kimya muda akiyaangalia.

Nusu ya kazi hiyo. Ubuntu bado haionekani, na kwake Ubuntu ndo penye kazi.

Hapa inabidi uelewe laptopu za UEFI (famwea za kisasa) zinawakaje. Kuna partisheni ndogo ya FAT32 kwenye diski, inaitwa ESP, ndani yake kuna folda EFI, na kila mfumo una folda yake humo: Windows ina EFI/Microsoft, Ubuntu ina EFI/ubuntu. Hayo ni mafaili, yako kwenye diski. Alafu kuna orodha ya majina inayokaa kwenye memori ya madabodi, NVRAM, inayosema "ubuntu" maana yake nenda partisheni fulani fungua faili fulani, na ipi ianze. Famwea ikifuta hiyo orodha ni kama daftari la mapokezi limechanwa ukurasa, wageni wako vyumbani kwao vilevile ila mapokezi hawajui yupo chumba gani. Windows inarudi yenyewe kirahisi kwa sababu famwea nyingi zinajua pa kuitafuta. Ubuntu inaachwa.

Nikarudi kwenye flashi. Safari hii lsblk ikaonyesha nvme0n1 na partisheni zake zote. ESP ilikuwa ya kwanza, nvme0n1p1, lakini msikariri hiyo, angalieni kwa lsblk -f ipi ni vfat (ndo hiyo FAT32). Nikaiunganisha:

sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt
ls /mnt/EFI /mnt/EFI/ubuntu

Yakatoka mafolda Boot, Microsoft na ubuntu, na ndani ya ubuntu shimx64.efi, grubx64.efi, mmx64.efi na grub.cfg. Vitu vyote vipo. Nikaandika sudo efibootmgr peke yake kuona orodha: Windows Boot Manager, flashi, basi. Ubuntu hakuna. Kwa hiyo hakuna haja ya kuinstoo GRUB upya, hakuna haja ya chroot (kuingia kwenye Ubuntu ya diski kupitia flashi), ni jina tu linakosekana. Nikaliandika:

sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'

Angalieni nimeelekeza kwenye shim (programu ndogo inayotangulia GRUB) na sio grubx64 moja kwa moja, kwa sababu Secure Boot imewashwa na shim ndo iliyosainiwa na Microsoft, yenyewe inaikagua GRUB kwa cheti cha Ubuntu. Ukielekeza kwenye grubx64 ukiwa na Secure Boot itakataliwa, alafu utadhani umekosea amri. Hiyo alama ya kunukuu moja nayo ni muhimu, bila hiyo teminali inakula zile mikwaju ya nyuma. Na amri hii yenyewe inaweka jina jipya mbele ya foleni, ila hakikisha kwa efibootmgr tena uangalie mstari wa BootOrder.

Nikatoa flashi, nikawasha, menyu ya GRUB hiyo hapo. Ubuntu ikaingia, kazi zake zipo mpaka faili alilokuwa analiandika asubuhi yake.

Mtu atauliza kwa nini sikutumia Boot-Repair, ile programu ya kurekebisha GRUB, si inafanya yote. Inafanya, na kwa hatua ya mwisho ingeweza kusaidia, lakini kwenye hatua ya kwanza ambapo diski yenyewe haionekani isingekuwa na cha kurekebisha, na ina tabia ya kugusa vitu vingi kwa mkupuo, ikishindwa unabaki hujui kipi ni cha tatizo na kipi ni cha dawa. Mimi naamini kwenye kubadilisha kitu kimoja, kuwasha, kuangalia, ndo cha pili.

Kuna visa vinavyofanana na hiki kwa mbali lakini sio hiki. Kama jina la ubuntu unaliandika na ukiwasha limepotea tena, famwea yako ni ya zile zinazofuta majina isiyoyajua, hapo jaribu kuliongeza ukiwa ndani ya BIOS yenyewe kama ina sehemu ya kuongeza chaguo la kuwaka kwa kuchagua faili, nyingi zinaheshimu lililoongezwa humo. Kama GRUB inakuja ila Windows haimo kwenye menyu, hiyo wala sio famwea, kuanzia GRUB 2.06 kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa kwa chaguo-msingi, weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub alafu sudo update-grub. Kama unaona "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation" na laptopu inazima, hicho ni kile kisa cha Agosti 2024, apdeti ya Windows ndo ilileta orodha ya kukataa shim za zamani, na dawa yake ni kuzima Secure Boot kwa muda (ufunguo wa BitLocker ukiwa mkononi!), kuingia Ubuntu, kuandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha tena uingie Ubuntu mara moja, kuapdeti shim, na kurudisha Secure Boot. Na kwenye Intel kizazi cha 11 kuendelea yule anayeficha diski kwa kawaida anaitwa VMD, keneli za sasa zina driva yake kwa hiyo Linux inaweza kuiona diski hata ikiwa imewashwa, lakini Windows iliyozoea imezimwa italia na skrini ileile ya bluu.

Nasisitiza haya kwa sababu apdeti za famwea hazipungui. Vyeti vya Secure Boot vya Microsoft vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, vipya ni vya 2023, na watengenezaji wanavileta kwenye famwea. Kuisha kwa cheti hakuzimi laptopu inayowaka vizuri, ila hizo famwea zinazovileta zinagusa hasa ile sehemu ambayo BitLocker inaiangalia, na Ubuntu nayo inaweza kukuletea famwea kupitia fwupd (programu ya Linux ya kuapdeti famwea) bila hata kuingia Windows. Huyu dada tulimwachia utaratibu na ameubandika ndani ya kava la laptopu. Ufunguo wa tarakimu 48 uko kwenye karatasi, sio kwenye laptopu. Picha za kurasa za BIOS ziko kwenye simu, na majibu ya efibootmgr -v ameyatuma kwenye barua pepe yake. Na kabla ya famwea yoyote anafungua PowerShell ya msimamizi kwenye Windows anaandika

Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 0

ile sifuri ni ya muhimu, kwa sababu famwea inawasha mashine zaidi ya mara moja na ukiacha hivihivi ulinzi unarudi baada ya kuwasha mara ya kwanza tu katikati ya kazi. Famwea ikimaliza anaingia BIOS kwanza kulinganisha na picha, hasa modi ya diski na orodha ya kuwaka, ndo anaiacha Windows iwake, na ikishawaka vizuri na Ubuntu pia imewaka anaandika Resume-BitLocker -MountPoint "C:", kwa sababu ukiisahau hiyo diski inabaki wazi kwa yeyote atakayeichomoa.